Feni ya Nyuma

Kaka yangu alifariki Jumanne asubuhi, na kompyuta yake ikaendelea kunguruma mpaka Alhamisi. Tulikuwa na wageni, tulikuwa na mazishi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima. Tuliporudi kutoka makaburini niliingia chumbani kwake, nikakaa kwenye kiti chake, nikabonyeza kitufe. Chumba kikanyamaza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku aliyoondoka.

Alikuwa mwandishi wa programu na alifanyia kazi nyumbani. Chumba chake na cha mama yetu vinatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mama ana ugonjwa wa moyo, na daktari alimwagiza alale kwa muda wa saa mbili kila mchana baada ya dawa. Kwa hiyo kaka alikuwa na utaratibu wake. Kazi nzito, ile ya kuiamuru kompyuta iunganishe programu nzima upya, aliifanya mama akiwa uani anaota jua. Mama akijilaza, yeye aliandika polepole, akibonyeza herufi kama mtu anayeogopa kuziumiza. Ila kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu na haikujua kunong'ona.

Baada ya wiki tatu ofisi yake ilimwomba binti yake, ambaye amesomea kazi hiyohiyo, aimalizie programu ya baba yake ya stoo za dawa. Aanze Jumatatu. Alipoijaribu ile kompyuta, kuunganisha mara moja kulichukua dakika arobaini, na mara ya pili ikagoma katikati. Ilibidi tununue mpya.

Kulikuwa na jambo lingine. Tangu Alhamisi ile mama hakulala mchana hata dakika kumi. Alijilaza macho wazi, na miguu ikaanza kuvimba. Daktari alisema asipopumzika atalazwa. Sisi tulisema ni majonzi, tukakubaliana kwamba kompyuta mpya isije ikamwongezea usumbufu.

Kaka alishaandika nyuma ya kalenda orodha ya vifaa vya kompyuta aliyotamani kuinunua. Prosesa yenye viini vingi. Memori gigabaiti thelathini na mbili, isipungue. Diski ya kasi. Kadi ya picha, hapana. Na chini kabisa, maneno aliyoyazungushia duara mara mbili: *Isilie. Mama analala.*

Tulikwenda dukani Ijumaa. Muuzaji alitutolea kasha la kioo linalowaka rangi saba.

"Chukua hili, dada. Ukiliwasha tu, nyumba nzima inapendeza."

"Mimi naandika programu, kaka," binti akamjibu. "Sifungui ukumbi wa muziki."

"Basi angalau kadi ya picha. Vijana wote wanaitaka hii."

"Ya nini? Herufi zangu hazikimbii."

Muuzaji akanigeukia mimi. "Mama, huyu ni wako?"

"Wa kaka yangu."

"Na kubishana karithi kwa nani?"

"Kwa shangazi," binti akasema, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kila feni tuliomba iwashwe kwanza. Binti aliinamisha sikio, akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Alikataa tano. Akachukua mbili pana, zinazozunguka taratibu, na kasha jeusi lenye sponji ndani ya kuta zake. Jumamosi aliunganisha vyote juu ya meza ya chakula. Jumapili mchana, mama alipokwisha kumeza dawa, aliiwasha. Kazi ya dakika arobaini ilikwisha kwa dakika nne. Niliweka kiganja nyuma ya kasha ili nijue kama inafanya kazi, maana masikio hayakunipa habari yoyote.

Mama akaita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mke mwenzangu, kazi imekushinda?"

"Hapana, bibi. Ninafanya sasa hivi."

"Unafanya na nini? Sisikii kitu."

Tuliingia. Alikuwa amejilaza, macho kwenye dari.

"Tumenunua isiyopiga kelele, mama," nikamwambia. "Ili ulale."

"Nani aliwaambia ilikuwa inanikesha?"

Nikamletea kalenda, nikamsomea maneno yale ya mwisho.

"Mimi nilikuwa nalala kwa sababu naisikia," akasema. "Ikilia, najua mwanangu yupo hapo, hajaenda popote. Nafumba macho."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambieje? Miaka yote anatembea kwa ncha za vidole kwa ajili yangu. Ningemwambia anajisumbua bure?"

Binti alitoka. Alileta bisibisi, akaifungua kompyuta ya baba yake, akatoa feni ya nyuma iliyojaa vumbi. Hakuifuta. Aliifunga nyuma ya kasha jipya kwa skrubu zilezile, akachomeka waya wake, akawasha tena. Ngurumo ikarudi, na ule mkwaruzo wake kila baada ya mizunguko michache.

"Inaharibu mashine nzuri," nikamnong'oneza.

"Haiharibu, shangazi. Inalia tu."

Tulipochungulia baada ya robo saa, mama alikuwa amegeukia ukutani, mdomo wazi kidogo.

Sasa feni ile huwashwa saa saba mchana, mama akishameza dawa, na huzimwa saa tisa anapoamka. Saa nyingine zote binti anafanya kazi bila sauti.