Mashua Nyuma ya Jeep

Mi ni mutu wa hasira. Nasema mbele, mwenye hajue ajue. Na ile juma yenye mashua ya Mama Solange ilikuwa mu parsele ya nyumba yetu hapa Butembo, hasira na furaha bilikuwa binanikula pamoja. Hata fufu sikukuwa naisikia tamu.

Yenyewe mashua ilikuwa muzuri, weee! Metre nane, mbao mupya, rangi ya buluu bado inanuka. Lusenge njo aliitengeneza. Huyu Lusenge ni fundi wa bitanda na milango, mutu hajaonaka ziwa hata siku moja mu maisha yake. Lakini Mama Solange, mwenye anauzishaka samaki ku soko tangu mi niko mutoto, alisema anataka fundi mwenye anaweza kumuona na macho kila asubuhi. Batu bengine banapelekaka mbao ku Kyavinyonge, banagongomea mashua kulekule pembeni ya ziwa. Mama Solange alikataa.

"Yangu itashuka nzima," alisema. "Nataka bavuvi baione inafika, baseme ah bon, huyu mama ni nani?"

Donc akakuya kwa Baba. Baba yangu, Daudi, amefanya transport miaka makumi tatu. Barabara ya Beni mpaka Kasindi, anaijua shimo kwa shimo.

"Jeep ninayo, remoroki ya kuvutwa nyuma ninayo," Baba akasema. "Shofere njo hakuna. Macho yangu imechoka na njia ya mbali."

Nikaruka pale nilikuwa nimekaa. "Shofere huyu hapa!"

Baba akaniangalia kama mutu anaangalia mupira wa gari wa zamani, kama utafika ao hautafika. Miaka ine nilikuwa naosha ile jeep, naitia mafuta ya moteri, naipeleka depo na depo mu mji. Mais safari ya mbali, hapana. Kila mara nikiomba, jibu ni moja: tutaona.

"Nasiba," akasema, "hii mashua utaitayarisha wewe mwenyewe, kila kitu. Siku ya Ijumaa tutaipima ku njia ya Rughenda. Ikifuata jeep muzuri, wewe njo utashika usukani mpaka ziwani. Ikicheza, naita Jéthro."

Jéthro! Shofere wa kukodi, mutu wa kutafuna na mudomo wazi, ananiitaka "katoto" na mi niko na miaka makumi mbili na tano. Nikaapa ndani ya roho: Jéthro hatagusa hii usukani.

Na Baba hakukuwa anachezea. Njia ya ziwa inapita Beni, na kutoka kule magari inaendaka mu convoi, musururu moja, pamoja na basoda, juu ya baasi. Remoroki moja ikiharibika, bote banasimama, na kuko fasi mu ile njia yenye hakuna mutu anataka kusimama hata dakika mbili.

Siku ya Kwanza nikaanza. Nikatosha magurudumu yote ine ya remoroki, nikafuta rulema, zile ringi za kuzungusha gurudumu, moja moja, nikaijaza grisi na mukono mpaka kwenye kisigino cha mukono. Nikakata mipira ya zamani, nikaweka na sponji ya matela ya kulalia juu yake, pale tumbo ya mashua inalala, juu mbao isikwaruzwe. Mikaba ine: mbili mbele, mbili nyuma, ikavutwa mpaka ikalia kama gitare. Munyororo nikaupitisha chini ya ndoano, juu hata kama ndoano inaachia, remoroki isitutoroke. Taa ya nyuma ya kushoto ilikataa kuwaka. Nilipambana nayo nusu siku, waya inanichoma bidole, na Lusenge amesimama pale anacheka.

"Dada, ku ziwa hakuna rond-point, hakuna gari. Taa ni ya nini?"

"Wewe hujaona ziwa, nyamaza."

Tukagombana tena pale nilitosha kizibo cha tundu ya chini. Lusenge nusu alie. "Unatoboa mashua yangu!"

"Tundu ni wewe uliifanya, papa! Mvua ya huku ikijaa ndani, nitavuta mashua ao nitavuta ziwa?"

Akawaza, akaona ni kweli, akacheka mwenyewe.

Kazi ya mwisho ilikuwa uzito. Baba alinifundisha tangu zamani: remoroki inapaswa kuwa nzito mbele kidogo. Ukigawanya uzito yote mara kumi, sehemu moja ikae ku ndoano ya gari. Mukia ikiwa nzito kupita pua, itaanza kucheza njiani, na mwisho itaangusha na gari yenyewe. Nikaenda kuomba mizani ya kakao ku depo, tukaweka pua ya remoroki juu yake. Kilo makumi tisa na tano! Uzito yote ilikuwa karibu kilo elfu moja, njo vile nilikuwa nataka. Nilicheza mu parsele na grisi yangu yote ku mikono, na Mama Solange akacheza na mi, tukageuka kama batoto.

Kisha bifurushi bikaanza kufika.

Hapa kwetu gari haishukake tupu. Haiwezekani, batu bataona ni kama umelaaniwa. Siku ya Ine, tangu asubuhi: matela ya mutoto wa fulani, biti bya plastiki bya kukalia, sufuria ya Gracieuse ya arusi, mifuko ya kabeji, mashu yenye imetoka Alimbongo. Na Mama Solange amesimama ku mulango: "Leta, leta, fasi iko!"

"Mama Solange! Hii ni mashua ao ni soko?"

"Nasiba, mwanangu, nitaambia batu nini? Mashua kubwa vile ishuke na upepo ndani?"

Tukabishana mpaka majirani bakakuya kusikiliza. Mwisho nikakubali bitu byepesi tu, na nikabipanga mi mwenyewe, katikati, mbele ya magurudumu. Mashu nikairudisha. Nikapima tena ku mizani, ikatoka muzuri. Nikafunika na bashi, turubai kubwa, nikafunga kamba, nikaenda kulala na roho safi.

Ijumaa, kisha swala, Baba akatoka musikitini na kanzu yake nyeupe, akapanda pembeni yangu, akafunga mukaba; Mama Solange na Lusenge bakakaa kiti ya nyuma. Nikasema Bismillah. Jeep ikavuta, remoroki ikakuya nyuma polepole, na mashua ya buluu ikatoka mu parsele yetu juu ya magurudumu. Batoto banapiga kelele, bamama banatoka mu nyumba na bijiko mu mikono, bataksi-moto banatufuata na mahoni. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikashika usukani na mikono mbili.

Kufika Rughenda, pale njia imenyooka, nikaongeza mwendo. Kilometre makumi tatu ku saa, muzuri. Makumi tatu na tano, muzuri. Makumi ine, nikasikia mukia imevuta. Kushoto. Kulia. Kushoto tena, na nguvu kupita ya kwanza. Ndani ya kioo nikaona mashua inacheza nyuma yetu kama mulevi. Muguu ilitaka kukanyaga frein, nikaikatalia, juu ukifunga breki mukia njo inakupita. Nikaachia mafuta tu, nikashika usukani wima, wima, mpaka ikatulia yenyewe, nikasimama pembeni.

Baba aliangalia mbele tu. Na mi ndani ya kichwa nikaona Jéthro anatafuna, usukani mu mikono yake.

Nikaruka chini, nikakata kamba, nikavuta bashi. Kule nyuma kabisa, chini ya kiti ya mwisho: mifuko miwili ya maharagi, imelala imeshiba. Yaani mutu alitia kisha mi kupima, kisha mi kufunga!

"Nani?" Nilipiga kelele mpaka ngombe ya mutu ikageuka. "Ni mupumbafu gani alitia hii huku? Ana kichwa ao ana boga? Anataka kutuua, huyu mujinga?"

Bataksi-moto bakacheka. Mama Solange akaapa kwa Bikira Maria hapana yeye. Lusenge akainua mikono mbili juu kama basoda bamemukamata. Nikaendelea kutukana, sikuacha, na neno zenye sitaandika hapa.

Nikasikia mulango ya jeep inafungwa.

"Ni yangu," Baba akasema.

Kicheko ikaisha.

"Ni ya Moustapha, rafiki yangu wa kule Kyavinyonge," akaendelea, polepole. "Gari yangu ikishuka kule, namupelekeaka maharagi. Leo asubuhi nikafungua, nikatia, nikafunga. Miaka makumi mbili natiaka nyuma. Hata sikuwaza."

Haya ilinishika mpaka mu masikio. Nilikuwa nimemuita baba yangu mupumbafu, mbele ya nusu ya Rughenda, kisha swala ya Ijumaa. Kwetu sauti tu haupandishe mbele ya muzazi. Nikajua imeisha, na safari imeisha, na labda hata jeep sitaiosha tena.

"Baba, unisamehe, sikujua..."

Akainua mukono, ninyamaze. Akakunja kanzu, akapanda ndani ya mashua, yeye mwenyewe, na magoti yake yenye inamuuma. Batu balitaka kumusaidia, akakataa. Akavuta mufuko wa kwanza, akaubeba ku bega, akashuka nao. Lusenge akakamata wa pili.

Mama Solange, mutu mwenye hawezi kuona mufuko unabaki, akamukimbilia. "Papa Daudi, mais hapa mbele fasi iko! Weka tu hapa!"

Baba akasimama na mufuko ku bega, jasho inamutoka, vumbi ya maharagi ku kanzu nyeupe.

"Hapana mi njo wa kuuliza," akasema. "Muulize shofere."

Bote bakageuka, bakaniangalia. Nilifungua mudomo, mi Nasiba wa kelele, na machozi njo ilitoka. Nikaonyesha na kidole tu, pale mbele, karibu na pua, na Baba akaenda kuweka pale nilionyesha.