Kuifundisha Dainamo

Nolasco alipotamka kwamba trekta liuzwe kama chuma chakavu, mkewe Xaveria aliendelea kumenya ndizi kana kwamba hakusikia. Ndoa ilishamfundisha kwamba mwanamume akipaza sauti nyumbani, mara nyingi anabishana na nafsi yake.

Lilikuwa trekta kuukuu la petroli, walilonunua misheni wangali vijana, na kijiji kizima cha Kihanga kililijua kwa kikohozi chake. Ugonjwa wake ulikuwa platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Vikichafuka, Nolasco alivisugua, akapima mwanya kati yake kwa kipande cha boksi la kiberiti, na injini ikaitika. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa ganzi, wa kushoto ukabaki ukitetemeka, na mwanya ule haukupimika tena. Mafundi pikipiki walikuja, wakachokonoa, wakala wakashiba, wakaondoka. Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia, na majirani walikuwa wanauliza mashamba yao yatalimwa lini.

Xaveria hakulilia chuma. Alimhofia mumewe. Alijua trekta likiondoka, Nolasco ataingia kitandani na hatatoka. Kwa hiyo akakata shauri. Akamwomba binti yao Agnetha, aliyeko Mwanza, atume kifaa cha elektroniki, kile kinachokaa mahali pa platini na hakitaki kusuguliwa wala kupimwa.

"Kwa hiyo mimi sina kazi tena," Nolasco alisema alipokiona. Kiharusi kilimwachia ulimi mzito, lakini si butu.

"Kazi unayo, waitu, mume wangu. Ya kununa."

Kesho yake asubuhi Xaveria akajifunga kitenge na kuinama kwenye injini. Nolasco aliletewa kiti, akakigeuza kutazama kibanja, shamba lao la migomba. Xaveria akang'oa platini, akafunga kifaa na sumaku yake kwa kufuata maelezo. Ukucha ukavunjika, akalaani kwa Kinyambo, akaendelea. Hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani. Hata ugomvi alikuwa anaumaliza. Ikabaki betri. Akaupeleka waya wa hasi kwenye bodi, kama alivyoona kwenye pikipiki zote.

"Acha!" Nolasco alikuwa amegeuka. "Hiyo si pikipiki. Trekta hili chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi. Dainamo yake inayochaji betri imezoea hivyo. Ukiwasha hivi itapigana na betri mpaka kitu kiungue."

"Maelezo yanasema hasi, Baba Agnetha. Nikifunga chanya, kifaa ndicho kitaungua."

Wakatazamana. Xaveria akaweka spana chini. "Basi nimeshindwa," alisema, na neno hilo lilimuuma kulitamka.

"Nani kasema? Dainamo hufundishwa upya. Ukiigusisha umeme wa betri kidogo, inageuka." Akajiinua, akajikongoja hadi kwenye trekta. "Badilisha nyaya za koili. Betri ifunge hivyo hivyo, hasi kwenye bodi. Sasa nipe waya mmoja kutoka chanya ya betri."

"Mkono wako..."

"Nipe."

Kazi ile haikuhitaji mkono uliotulia. Ilihitaji waya uguse dainamo kidogo tu na kutoka, na mkono wa Nolasco haukujua kukaa mahali pamoja. Ukagusa, ukaruka. Cheche. Ukagusa tena. Cheche.

"Imeshaelewa," alisema. "Washa."

Injini ikaitika papo hapo, bila kikohozi. Xaveria hakuthubutu kufurahi. Alimtazama mumewe, akiogopa kwamba utulivu ule wa injini isiyomhitaji tena ungemuumiza kuliko ubovu wake. Nolasco alisikiliza, kichwa upande.

"Wanunuzi wa chakavu uliowaita wanakuja jioni," Xaveria alimkumbusha, kwa makusudi.

"Waje, watusaidie kufunga jembe. Na umwambie jirani Uwingabire, kesho tunaanza shambani kwake."

Xaveria aligeukia migomba ili mumewe asimwone akilia. Kisha akaona huo ni ujinga mtupu, akamgeukia, akalia mbele yake.