Wawili Ndani ya Mende Mmoja

Rula ilipita katikati ya vidole vyangu, ikagonga sakafu ya jikoni, ikalala. Binti yangu hakucheka. Aliiokota, akaishika kwa juu, ncha ya chini ikining'inia kati ya kidole gumba changu na cha shahada.

"Mara ya mwisho, Mama. Ukiona inaanguka, daka."

Niliiona inaanguka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: niliiona vizuri kabisa, na vidole vikajifumba ilipokuwa imeshafika chini.

Aliandika kitu kwenye daftari lake. Alikuwa na miaka tisa. Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, ingawa mwaka ule, nikifikiri sasa, alikuwa amenyamaza kwa miezi na mimi sikuwa na habari.

"Nani kakufundisha haya?" nilimuuliza, japo nilishajua. Maneno ya jaribio lile niliyaandika kwa mkono wangu siku mbili kabla.

"Profesa Mende," akasema.

Profesa Mende nilikuwa mimi.

Si peke yangu. Tulikuwa wawili ndani ya mende mmoja: mimi, na mzee mmoja aliyestaafu kufundisha fizikia, ambaye ofisi nzima ilimwita Mwalimu. "Miguu mitatu yako, mitatu yangu," alizoea kusema, "na kichwa tunaazimana." Ofisi yetu ilikuwa na tovuti ya sayansi ya watoto. Humo mtoto aliweza kujenga daraja la vijiti na kulipitishia lori mpaka livunjike, kuunganisha nyaya mpaka balbu iwake, kurusha roketi na kuukosa mwezi mara kumi bila mtu kumgombeza. Pembeni mwa ukurasa alisimama mende mwenye miwani, na chini yake kisanduku: Niulize.

Waliuliza. Kwa nini chawa hawana mabawa. Kama simu inasikia maumivu ikidondoka. Tulitakiwa kumjibu kila mmoja kwa uchangamfu, na kila jibu limalizike na jambo la kujaribu nyumbani. Nilikuwa hodari. Nilicheka kwa maandishi kutwa nzima, na nikifika nyumbani sikuwa na hata tabasamu la akiba.

Baba yake Chiriku alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama yangu mzazi alihamia kwetu kunisaidia, akawa ndiye anayempokea mtoto kutoka shuleni. Mimi nilirudi jioni, nikavua viatu, nikakaa mezani. Chiriku alianza, "Mama, swali moja tu," nami nikasema, "Kesho, mwanangu." Nilisema kesho mpaka siku moja akaacha kuuliza. Nilishukuru. Nilidhani amekua.

Wakati huohuo kule ofisini akajitokeza mtoto aliyejiita Mchunguzi. Nilimpenda tangu swali la kwanza. Alitaka kujua kwa nini birika hupiga kelele kabla ya kuchemka, halafu likianza kuchemka linatulia. Nikamweleza habari za vipovu vidogo vinavyopasuka kabla ya kufika juu, nikamwambia asikilize akiwa mbali na moto, mtu mzima akiwa karibu. Kesho yake aliandika: "Nimesikiliza na Bibi. Ni kweli." Baada ya hapo alikuja kila siku. Mwalimu alimpata mara mbili kwenye zamu yake, akanitania kwamba namwibia mteja.

Kisha Mchunguzi akaandika hivi: "Mama yangu hulala mezani macho wazi. Nikimwambia kitu anaitikia mm lakini hayupo. Kuna namna ya kumpima mtu aliyechoka?"

Nilimhurumia mtoto yule. Mama yake nilimlaumu kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwandikia jaribio la rula: macho yanaona, yanatuma habari kwenye ubongo, ubongo unaviamuru vidole; mtu akichoka, habari inachelewa njiani. Nikatia na kichekesho kuhusu mende anayedaka kwa miguu sita.

Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu jikoni, daftari kifuani. Niliomba kuliona. Majibu yangu yote yalikuwamo, yamenakiliwa kwa mwandiko wa kujikaza. Ukurasa wa mwisho: *Mama. Mara tatu. Haikudakwa.*

"Ungeniuliza mimi," nilisema.

"Yeye huwa anajibu," akasema, bila lawama yoyote. Kukosekana kwa lawama ndiko kulikonimaliza. Nilimrudishia daftari lake. Nilikwenda kulala.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, swali lilikuwa linaningoja. *Nimempima mama. Rula imepita yote. Atapona?*

Niliandika, nikafuta. Niliandika kichekesho, nikakifuta upesi kama mtu aliyetukana. Mwalimu alikuwa bado hajaondoka; alisogea, akasoma juu ya bega langu, kisha akanitazama usoni, akaelewa zaidi ya yaliyoandikwa.

"Kama hujui, sema hujui," aliniambia. "Watoto hawakasiriki kwa hilo, mwanangu. Wanakasirika ukijifanya."

Nikaandika: *Sijui. Muulize yeye mwenyewe leo. Atawahi kurudi.* Jibu hilo halikuwa na jaribio mwishoni. Nikaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa ya kuondoka. Akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikasema yupo. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu.

Nilimkuta Chiriku kwenye ngazi za nje, simu ya bibi yake mapajani. Nilikaa karibu naye na kumweleza, moja kwa moja, maana sikuwa na nguvu ya kuzunguka.

"Majibu yote ni wewe?"

"Mengi. Mengine ni ya Mwalimu."

"Lakini yeye ni mcheshi."

Akaanza kulia, na hakunililia mimi, alimlilia mende. Nilikuwa nimemuua rafiki yake mchana kweupe, na nilichomletea badala yake ni mwanamke aliyechoka mwenye mkoba. Nikamwacha amlilie. Bibi yake alichungulia mlangoni, akatuona, akarudi ndani.

Alipotulia alivuta pumzi, akajifuta kwa mkono wa sare.

"Kwa nini mtu akilia na kamasi hutoka?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilishawahi kumwandikia mtoto mwingine, na utani mwingi ndani. Safari hii nilieleza polepole, bila utani, kwamba machozi mengine hayapiti shavuni, yana mfereji wao mdogo wa kushukia puani; nikamgusa pembe ya jicho kumwonyesha unapoanzia. Alisikiliza mpaka mwisho. Alifikiri kidogo.

Kisha akauliza swali la pili.