Udata wa Witness

Witness alitimiza miaka minne bila kusema hata "yeyo", yaani mama, na hakuna aliyeshtuka. Kwao, mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa aguswe utosini, na salamu imekwisha. Witness aliinama vizuri kuliko wote. Wazee wakamsifu kwa adabu. Ni mwalimu wa chekechea, hapo Karatu mjini, aliyemwambia mama yake, Nareyu, kwamba mtoto hajafungua kinywa tangu shule ifunguliwe, na akamwelekeza hospitali.

Nareyu alishukuru, akaenda kufua. Hakulia. Tangu siku hiyo alipika na kufagia kama mtu anayemshikia jirani kazi.

Mama mkwe wake akaja kutoka Soitsambu. Alimfungua mtoto kinywa kwa kidole gumba, akachungulia.

"Udata huu. Ulimi umefungwa kwa chini. Nimeshaongea na mzee Lekoko, siku ya mnada anaukata, mtoto anasema."

"Sawa, yeyo."

"Wewe nawe una udata? Kila kitu sawa, sawa."

Nareyu alitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Kabla ya mnada alimpeleka Witness hospitali. Mtaalamu wa matamshi, Blandina, alikuwa binti aliyemaliza chuo juzi tu. Alimpa mtoto kopo la plastiki lenye biskuti ndani, kifuniko kimekazwa. Witness alihangaika nalo, akamletea mama yake. Nareyu akanyoosha mkono.

"Usifungue, mama. Subiri kidogo."

Wakasubiri. Witness akakishika kidole cha mama yake, akakiweka juu ya kifuniko.

"Umeona? Anajua anachotaka, na anajua amwombe nani." Kisha Blandina akampaka mtoto asali juu ya mdomo. Ulimi ukatoka, ukapanda, ukailamba yote. "Ulimi haujafungwa. Kuukata ni kumuumiza bure. Masikio tutayapima. Kinachochelewa ni maneno, na hayo tutamfundisha polepole."

"Atasema?"

"Nikikwambia najua, nitakudanganya. Ila kuna watoto wengi wanaosaidika."

"Nilimkosea wapi?"

"Hukumkosea popote, mama."

Nareyu alingoja nafuu imwingie moyoni. Haikuingia. Akamfunga mtoto vifungo vya sweta, wakaondoka.

Siku ya mnada mama mkwe aliamka mapema, akajifunga shuka jipya. Wembe ulikuwa mezani, bado kwenye karatasi yake.

"Mvalishe viatu."

"Yeyo, mtoto hakatwi."

"Kasema nani?"

"Mimi."

Alingoja hofu, nayo haikuja. Ganzi ile iliyomnyima machozi ilikuwa imeondoka na woga pia.

Mama mkwe akamwita mjukuu wake. Witness akaja, akainama. Bibi alipoinua mkono, Nareyu akasema, "Usimguse kwanza. Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Subiri tu, yeyo."

Mkono ukabaki hewani. Witness alibaki ameinama, akingoja. Hakuna kilichomgusa. Akainua uso, akamkagua bibi yake kama anayeona kitu kimeharibika, kisha akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akauweka mwenyewe utosini pake.

Bibi hakuuondoa.

"Mh," akasema. "Kumbe yumo humo ndani."

"Yumo."

Bibi akausukuma wembe upande wa Nareyu. "Haya. Mkatie kucha, basi. Ananikwaruza."