Ncha ya Sindano

Sindano ya cherehani ilikatika kwenye pindo la mwisho. Bibi harusi alikuwa hapo hapo kwenye kiti, amejifunga shuka, anasubiri gauni lake.

Fundi aliacha kukanyaga. Aliokota kipande kilichoruka mezani, akakiunga na kilichobaki kwenye mashine. Ncha haikuwepo. Na fundi huyu ana sharti moja: sindano ikikatika, nguo haitoki mlangoni mpaka vipande vyote vipatikane.

"Wifi," alisema bibi harusi, ambaye ni dada wa mume wa fundi, "gari linakuja kunichukua. Nipe gauni langu."

"Lenye sindano ndani? Ikuchome ukikaa, urukie mapajani kwa baba mkwe?"

"Basi tuitafute!"

Bibi harusi alilikung'uta gauni, akapapasa begani, akarukia kiunoni, akarudi begani. Jasho likamtoka.

"Haimo."

"Umetafuta wapi?"

"Kote!"

"Kiuno, upande wa kushoto?"

Akasita. "Nadhani."

"Unaona sasa? Tutafute kwa utaratibu."

"Huo ni uvivu uliopewa jina zuri. Kaka yangu ukimwambia atengeneze bomba, anakujibu atafanya kwa utaratibu. Linavuja mpaka leo."

"Kaka yako mvivu tu, asisingizie utaratibu. Utaratibu ni kuwa na jibu ukiulizwa umeshapita wapi na unakwenda wapi. Hata mbio ukimbie. Haya, shika hapa."

Walilitandaza gauni mezani, ndani nje. Walianzia mshono wa mgongoni. Fundi alibonyeza kwa vidole sehemu ya upana wa kiganja, bibi harusi akapitisha nyuma yake sumaku ya fundi ya kuokotea pini, kisha fundi akachora alama ya chaki kwenye bitana. Palipochorwa hapaguswi tena.

Honi ikalia nje. Bibi harusi akarukia mkono wa gauni. Fundi akampiga kofi la kiganjani. Haraka hata yeye alikuwa nayo. Wifi akienda harusini na gauni la kuazima, fundi atasimangwa mpaka meno yamtoke.

Kiunoni, upande wa kushoto, sumaku ikanasa kitu. Fundi akapenyeza mkono chini ya bitana, akaitoa ncha, akaiunga na vile vipande viwili. Sindano nzima.

"Hapo nilipita mimi!" bibi harusi alilalamika.

"Ulipita kama mwizi. Na pengine kukung'uta kwako ndiko kulikoipeleka huko."

Fundi alitia sindano mpya, akamaliza pindo, akafuta chaki. Bibi harusi akataka kuingiza kichwa na mguu kwa pamoja.

"Wewe! Miguu kwanza, halafu mikono."

Alipofungwa kifungo cha mwisho, alijizungusha mbele ya kioo, uso wote meno. Honi ikalia tena.

"Na kulivua je, wifi? Nako kuna utaratibu?"

"Huo kamuulize mumeo," fundi alisema, akimsukumia mlangoni. "Kazi yangu inaishia kwenye vifungo."