Shanga Nane za Zaïnati

Baada ya alasiri Zaïnati alikuwa amekaa mkekani, nyumbani kwake Magoudjou, mjini Moroni, akikunja waya. Hakuwa na koleo la ncha ya mviringo. Alikuwa na koleo bapa la marehemu baba yake na njiti ya mwavuli uliovunjika. Alikunja kitanzi upande mmoja, akapitisha ushanga wa kioo, akaupinda waya juu yake kama kiwiko, akabakiza urefu wa ukucha, kisha akaiviringisha ncha kwenye njiti mpaka ikarudi ilikoanzia. Kitanzi cha pili kilipofunga bila mwanya, ushanga ukasema, "Jiko."

Sauti ilikuwa ya mumewe, Houssen. Zaïnati akauweka kisahanini, akachukua mwingine.

Houssen alikwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, kununua karafuu, mwaka mmoja baada ya askari wazungu wa kukodiwa kuingia nchini. Kwenye kizuizi cha Mirontsy askari hao walimshusha garini. Tangu hapo, kila Zaïnati alipouliza, alijibiwa hayupo. Waya huu ulitoka huko huko. Bahia, wifi yake, aliuokota chini ya nguzo ya simu nyuma ya kambi yao, mafundi walipobadilisha nyaya.

Kufikia magharibi shanga zilikuwa nane. Jiko. Sipo. Ya. Kambini. Zaïnati. Wanasema. Nyuma. Niko. Alizisikiliza mara nne asielewe kitu. Houssen alikuwa mtu wa kupanga hata viatu mlangoni, leo anaongea kama kapu lililomwagika.

Mounira, aliyeleta shanga hizo zitengenezwe mkufu wa harusi ya binti yake, akaingia bila hodi.

"Sabena, mkufu wangu?" Wote waliorudi, kama Zaïnati, kutoka Majunga ng'ambo ya bahari waliitwa hivyo, kwa jina la ndege iliyowaleta.

"Zinasema, mama. Sijui nianze na upi."

"Anza na nyekundu. Kisha nyeupe, kisha kijani. Harusi Ijumaa. Ya mumeo yatangoja Jumamosi."

Alipoondoka, Zaïnati alizipanga anavyotaka yeye. Kitanzi hakitanuliwi, husukumwa pembeni kama mlango, kisha hurudishwa. Alifungua, akafunga, akahamisha. Kulipokucha mkufu ulisema moja kwa moja: "Zaïnati, niko kambini, nyuma ya jiko, wanasema sipo."

Akapanda meli ya kwenda Mutsamudu.

Karani wa kambi aliitwa Mouhidine. Zaïnati aliutandaza mkufu mezani, nao ukasema.

"Rudia," alisema Mouhidine.

Ukarudia. Mouhidine akafungua daftari, akashusha kidole mstari kwa mstari.

"Sauti ni yake, dada. Namjua. Kila siku analalamikia chumvi."

"Basi yupo."

"Daftarini hayupo. Daftari likisema hayupo, mimi niseme nini?" Akakiinua kitanzi kimoja kwenye mwanga. "Umefunga vizuri. Hakuna hata pa kupitisha unywele. Mke wangu angeupenda huu."

"Una mwenyewe."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akikwangua ukoko sufuriani. Zaïnati alisimama akisikiliza mpaka ukwanguaji ulipokoma. Kisha askari akamwonyesha lango.

Alirudi Moroni Alhamisi. Mounira alikuwa mlangoni, na shanga zilikuwa zake. Zaïnati akafungua vitanzi tena, apange kwa rangi. Waya wa shaba una subira yake. Ukipindwa kupita kiasi unakatika. Ulikatika mmoja tu, wa ushanga uliosema jina lake.

"Saba zinatosha," Mounira alisema. "Shingo ya mwanangu fupi."

Ijumaa bibi harusi alitolewa nje. Kifuani mwake mkufu ulisema, "Sipo, jiko, wanasema, ya, niko, kambini, nyuma," na wapiga ngoma wakaufuata mdundo huo, kwa sababu haukuwa mbaya. Mstari wa mbele alikaa askari mmoja mzungu, mgeni wa heshima. Akauliza mkufu unasema nini.

"Shanga tu, bwana," alijibu mjomba wa bibi harusi, akamwongezea nyama.

Zaïnati hakukaa mpaka mwisho. Nyumbani alichukua kipande cha waya kilichobaki, akakipitisha kwenye ule ushanga wa nane, akakunja kitanzi kidogo kuliko vyote, akakifunga.

"Zaïnati," ushanga ukasema.

"Labeka."

Akasubiri. Haukuwa na neno jingine. Akautia kwenye kopo la maziwa, akaanza kukata waya wa mkufu mwingine. Kila baada ya muda kopo lilimwita, naye aliitika, bila kuinua macho kutoka kwenye koleo.