Osha Shingo Yako

Barua ilipigiliwa msumari kwenye mlango wa banda la viwavi wa hariri: "Ozeki, osha shingo yako, usije ukauchafua upanga wetu." Kinue aliisoma mara moja tu. Mwandiko aliujua. Ule mkia mrefu mwishoni mwa kila mstari baba yao aliupigia viboko, wala haukukoma. Ilikuwa kazi ya Tetsuji, kaka yake wa tumbo moja.

Vita vilikwisha mwaka jana, Japani ikashindwa. Masaharu Ozeki, mumewe, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, ndiye pekee aliyethubutu kulisema hadharani. Nusu ya Wajapani wa mji ule wa Brazili waliapa kwamba wameshinda, na kwamba meli za mfalme ziko njiani kuja kuwachukua. Ujinga ukishapata bendera haushikiki.

Alimkuta kaka yake shambani, akikata majani ya mforsadi, chakula cha viwavi.

"Kaka, mume wangu alikupokea huna hata jembe! Hii ardhi unayoikanyaga kaifyeka yeye!"

"Ndo maana nimemwandikia. Wengine hatuwaandikii."

"Ni shemeji yako!"

"Basi mwambie shemeji, kesho kwenye mkutano wa ushirika aseme tumeshinda. Neno moja tu, yaishe."

Akaendelea kukata majani.

Jioni Masaharu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya pipa la maji moto, akijimwagia. Kinue alipomweleza, alicheka.

"Tetsuji? Yule anayeogopa kuchinja kuku?"

"Sema tu, mume wangu. Moyoni baki na lako."

"Nikisema, watu watayaacha mashamba wakangoje meli bandarini. Mji huu tumeujenga huku malaria ikituzika. Siubomoi kwa ulimi."

Alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Kisha, kama kila jioni, akachukua kitambaa na sabuni, akamsugua mgongo.

"Mbona shingo umeiruka?"

Akaiosha.

Kesho yake Masaharu alisimama mkutanoni, akasema, "Tumeshindwa." Aliuawa akitoka, mlangoni pa ushirika. Huo upanga wala haukuonekana. Ilikuwa bastola, tena ya kununuliwa hapo hapo mjini.

Tetsuji alifika msibani kabla ya wote. Aliwasha udi, akapiga magoti mbele ya maiti, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umemwosha vizuri, dada yangu," alisema.